"Nimemfanya mlevi, mhariri": dhana potofu kuhusu mhusika mwenye kasoro

Mwezi uliopita nilipokea mswada wa tatu mwaka huu unaofunguka na mlevi; safari hii mhusika ni mwalimu. Nikamuuliza mwandishi kwa nini huyo mwalimu anakunywa. Akajibu kwa furaha: "Si ulisema kwenye warsha wasomaji wanapenda mhusika mwenye kasoro? Nimemwekea." Amemwekea! Kama chumvi.

Dhana: Kasoro yenyewe ndiyo inayomvutia msomaji

Hapana. Mwalimu yule alilewa sura ya kwanza, akalewa ya nne, akalewa ya tisa, na pombe haikumkosesha hata kipindi kimoja. Ifute yote, msuko unabaki vilevile. Kinachomshika msomaji ni mtu anayetaka mambo mawili yasiyokaa zizi moja, naye hana budi kuchagua.

Mchukueni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969 ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Yeye ndiye aliyeleta maji, dawa ya Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, na maji ndiyo yaliyowaunganisha watu waliokuwa hawaaminiani. Kisha anaanza kuyatilia shaka. Akinyamaza, watu watazikabili bunduki za Wajerumani wakiamini risasi haziwadhuru. Akisema, umoja unavunjika. Mwishoni yuko mikononi mwa Wajerumani, vita vimeshawaelemea wenzake, na anachotakiwa ni kukiri tu kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, maana akikiri, vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba waliopigana walikosea. Kila nikiifundisha sehemu hii darasa linagawanyika: huyu shujaa, huyu mkaidi aliyepoteza roho za watu. Sijasikia hata mmoja akisema "nampenda kwa kuwa ana doa". Wanagombana kwa sababu kila mmoja ameshajiweka pale na hajui angejibu nini.

Na Liyongo, shujaa wa utenzi wa kale wa Waswahili? Naambiwa kasoro yake ni kitovu, kwa kuwa ndipo ilipoingia sindano ya shaba. Jamani, kitovu ni mahali pa kuchomwa tu! Katika utenzi anahisi kabisa kwamba mwanawe katumwa na maadui aulize kinachoweza kumuua, na bado anamwambia siri. Mimi hapo ndipo ninapofunga kitabu kidogo nipumue.

Ushauri wangu, nao nitaurudia hadi mnichoke: kabla hujampa mhusika doa, andika pembeni litamgharimu nini, lini, na mbele ya nani. Kwa yule mwalimu nilimwomba mwandishi amtilie ada mfukoni, shilingi elfu arobaini, mzazi kamkabidhi sokoni ampelekee mhasibu, na njia ya shule ipite mbele ya kilabu. Zikazaliwa kurasa mbili ambamo mwalimu hanywi tone. Anazitoa noti, anazihesabu, anazirudisha, hatua kumi mbele anazihesabu tena. Nilizisoma nimesimama.

Dhana: Msomaji wetu anataka mtu mwema wa kuigwa

Basi *Rosa Mistika*, riwaya ya Kezilahabi ambayo Rosa wake si mtu wa kuigwa hata kidogo, ingekuwa imesahaulika. Ilitoka 1971, ikawahi kupigwa marufuku shuleni, na mpaka leo inasomwa.

Dhana: Mgogoro wa nafsi huonyeshwa kwa mawazo

"Aliwaza na kuwazua, moyo ukamwambia hivi, akili ikamwambia vile." Nikikutana na fungu la namna hii nalikata bila kulimaliza. Mwache afunge mlango, afike barabarani, arudi kuufungua.

Dhana: Mwishoni lazima atubu

Kazimoto wa *Kichwamaji*, riwaya nyingine ya Kezilahabi, alitubu lini? Toba ya ukurasa wa mwisho mara nyingi ni ya mwandishi anayeogopa shangazi zake watasema nini.

Juzi mwenye mswada wa mwalimu kanipigia simu: ada ifike kwa mhasibu au isifike? Nikamwambia aandike zote mbili, aniletee ile iliyomnyima usingizi. Bado namsubiri.