Ng'ombe Kujaa Mbugani Si Ushahidi wa Malisho Bora

Wiki hii mfugaji mmoja wa upande wa Bahi ameniambia kwamba mbuga fulani bado ina malisho mazuri kwa sababu ng'ombe wa kijiji kizima wamejaa huko. Nimeyasikia maneno hayo tangu nilipoanza kazi ya ugani, nami nakiri kwamba yananichosha, hasa kwa kuwa yana chembe ya ukweli.

Chembe hiyo ni kwamba ng'ombe wakiwa wachache, huchagua. Mvua zinapokoma, mbuga za udongo mweusi hubaki na majani mabichi muda mrefu kuliko miinuko, na kundi dogo hukaa humo likiacha vichaka vya mlimani. Wakati huo wingi wa wanyama mahali husema kweli juu ya mahali penyewe. Lakini makundi yanapoongezeka, fungu la kila ng'ombe mbugani hupungua, mpaka ifike siku ambayo anayebaki humo hashibi kuliko yule ambaye angepanda mlimani. Hapo ndipo baadhi wanapopanda, na si kwa sababu mlima umenona, bali kwa sababu mbuga imeshuka ikalingana nao. Watafiti Stephen Fretwell na Henry Lucas waliyaeleza haya mwishoni mwa miaka ya 1960 wakiwazungumzia ndege, na hesabu ni ileile kwa wanyama walao majani.

Kwa hiyo mbuga inaweza kuwa na ng'ombe mara tano ya walio mlimani, na bado wote wakawa wamekonda sawasawa. Msiwahesabu, mtazameni mmoja mmoja, nundu yake na mbavu zake, na muda anaotumia kutafuta majani kabla ya kulala na kucheua. Ninayo pia fimbo niliyoichonga alama za kupimia urefu wa majani, na kila mfugaji ninayemtembelea humshauri achonge yake, ingawa wengi hucheka. Atakayesema kwamba ng'ombe hufuata mchungaji, hivyo hachagui, namjibu kwamba mchungaji naye hupiga hesabu hiyohiyo, isipokuwa pale mwenye kundi kubwa anapowazuia wenzake wasiingie.

Nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 mwaka 1961, na baada ya sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe uliowaua nyumbu pia, kudhibitiwa walifika takriban milioni 1.3 mwaka 1977, huku eneo wanalolitumia kiangazi likipanuka. Aliyewaona wakifika sehemu mpya angeweza kudhani kwamba sehemu hizo zimestawi ghafla, kumbe waliokuwa wameongezeka ni nyumbu.

Wapo pia wanaoamini kwamba lambo jipya huongeza malisho. Lambo huongeza maji na kukusanya wanyama, na majani yanayolizunguka ndiyo huisha kwanza.

Wengine huwalaumu mbuzi kwamba wanamaliza majani ya ng'ombe. Mbuzi hupendelea majani ya vichaka na miti. Ushindani huwa mkali pale wote wanapozidi kiasi na kila mmoja akalazimika kula asichokipenda.

Kuhusu wanaosema kwamba ardhi iliyochakaa haiponi, waende Kondoa. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza mwaka 1973, mifugo ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka mwaka 1979, na uoto ukarudi, ingawa wafugaji walioondoka na ng'ombe wao walilipa gharama kubwa.