Inua Zulia Kabla ya Kufungua Boneti

Kila yanapokwisha maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi, Ngong Road, Nairobi, simu yangu hailali. Mmoja ameona Mercedes W123 inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Mwingine ameona Peugeot 504 kama ile iliyompeleka shule, na sasa anataka yake. Nafurahi sana kusikia hivyo, maana magari haya ya zamani yakikosa watu wa kuyapenda yataishia kukatwakatwa yauzwe kama vyuma chakavu. Ila swali la kwanza huwa lile lile, nalo ndilo linalowaponza wengi: "Injini yake iko vipi?"

Wengi wanaamini kwamba injini ikiwaka mara moja na kunguruma vizuri, gari ni zima. Ukweli ni kwamba katika gari la zamani injini ndiyo shida nyepesi kuliko zote. Shuka Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanakuita Grogan, utapata mafundi waliofungua injini ya 504 mara nyingi kiasi kwamba hawahitaji kitabu. Silinda, ringi na beringi zitabadilishwa, na gari litarudi barabarani. Kinachoua gari ni bati. Peugeot 504, Datsun 1200 na W123 hazina chesisi ya pekee, yaani fremu ya chuma ya chini. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, springi na abiria. Kutu ikishakula sakafu na lile bati la chini ya milango, huna gari tena.

Somo hili nililipia kwa pesa zangu. Nilinunua Volkswagen Beetle ya samawati, injini ikilia kama cherehani iliyotiwa mafuta. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee pale Ngara, nikafungua kifuniko cha nyuma, ambako injini yake hukaa, ili asikie mwenyewe. Hata hakuinama. "Mwanangu, funga hiyo. Ng'oa kiti cha nyuma." Chini ya kiti cha nyuma ndiko betri ya Beetle inakokaa. Aliinyanyua, akachukua bisibisi na kuibonyeza sakafu taratibu kwa kidole gumba. Bisibisi ilizama hadi kwenye mpini. Alipoichomoa, mwanga ulipenya kwenye tundu na nikaona changarawe za gereji yake. Tindikali ya betri ilikuwa imekula bati kwa miaka mingi, na mwenye gari aliyetangulia alikuwa amepaka lami juu na kutandika zulia jipya. Kuchomelea upya sakafu ile kulinigharimu zaidi ya vile ningelipa kukarabati injini nzima.

Tangu siku hiyo hubeba tochi na sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa ili isikwaruze rangi. Naipitisha chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na kando ya kioo cha mbele. Inaposhika, kuna chuma. Inapoteleza ikaanguka, chini ya rangi hiyo kuna fila tu, ule udongo wa kuziba mashimo ya bodi.

Lakini usiende na sumaku kwa Land Rover ya zamani ukashtuka, maana bati zake nyingi za nje ni za alumini na sumaku haitazishika. Hapo ndipo pana dhana nyingine, kwamba Land Rover haiozi. Chesisi yake ni chuma, na ule ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva ni chuma pia, vyote huoza. Tena alumini inapogusana na chuma penye unyevu huanza kubadilika kuwa unga mweupe. Lala chini ya gari, ugonge chesisi kwa nyundo ndogo tangu mbele hadi nyuma, na usikilize. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu.

Utasikia pia watu wakisema, "Gari la Mombasa usiguse, la Nairobi ni safi." Nusu yake ni kweli, kwa sababu hewa ya chumvi haina huruma. Ila nimeona magari yaliyooza Nairobi hii hii kwa sababu yaliegeshwa juu ya nyasi misimu kumi ya mvua, mpira wa kioo ukivuja polepole hadi sakafuni. Na kuna gari zima la Pwani ambalo hukataliwa bure. Likipanda huku linakuwa zito, linatoa moshi mweusi, plagi zinajaa masizi, na mnunuzi anaambiwa injini imekufa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni pungufu kwa takriban sehemu moja kati ya sita. Kabureta iliyopangwa Mombasa inamwaga petroli nyingi kuliko hewa inayopata. Badilisha jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, rekebisha wakati wa cheche za plagi, kisha ndipo uamue. Nguvu zote za Pwani hazitarudi, lakini moshi utakoma.

Suala la petroli linatisha watu bila sababu. Kenya iliachana na petroli yenye madini ya risasi kufikia mwaka 2006, na bado wapo wanaouziwa chupa za dawa za kuongeza kwenye tangi la kila gari kuukuu. Ile risasi ilikuwa ikilinda viti vya vali, pale vali zinapokalia zikijifunga. Injini yenye kichwa (sehemu ya juu inayobeba vali) cha alumini, kama ya 504 au Beetle, tayari ina viti vya chuma kigumu vilivyopachikwa. Wa kuwa na wasiwasi ni mwenye Morris Minor, ambayo kichwa chake ni cha chuma na vali hukaa juu ya chuma chenyewe. Naye fundi akimpachikia viti vigumu mara moja, habari imeisha.

Halafu kuna sifa za Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Kenya. Ove Andersson alishinda kwa 504 mwaka 1975, na Shekhar Mehta akashinda mara nne mfululizo kwa Datsun kuanzia 1979 hadi 1982. Naipenda historia hiyo kwa moyo wote. Hata hivyo, 504 iliyoshinda mwaka 1978 ilikuwa coupé ya milango miwili yenye injini ya V6, yaani silinda sita, si dada wa ile wagoni iliyokuwa ikibeba abiria wa Nyeri. Ushindi wa miaka hiyo haukuambii lolote kuhusu gari lililo mbele yako.

Vipuri navyo watu huvihesabu kinyume. Huuliza kuhusu klachi, ambayo hupatikana, wakasahau kifuniko cha taa ya nyuma, urembo wa kromu na mpira wa kioo. Vitu hivyo vinaweza kukutesa mwaka mzima. Ndiyo maana kati ya gari lililopauka rangi lakini kamili, na lililopakwa rangi mpya likakosa vipande, mimi nachukua la kwanza kila mara.

Karatasi ndizo zinazoniuma zaidi. Wengi wanaona logibuku, hati ya umiliki wa gari, wakatulia. Magari mengi ya umri huu bado yako kwa jina la mzee aliyefariki zamani au kampuni iliyofungwa. Mtoto wa marehemu hawezi kukuuzia kwa mdomo tu. Mpaka kuwe na hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, hakuna uhamisho. Tafuta rekodi ya gari NTSA, mamlaka inayosajili magari, kabla ya kutoa hata shilingi, na ulinganishe namba ya chesisi herufi kwa herufi. Usitegemee namba ya usajili kukwambia umri. Isiyo na herufi ya mwisho ni ya kabla ya mfumo ulioanza 1989, ni kweli, lakini gari kuukuu lililokuwa la serikali likiuzwa hupewa namba ya kiraia ya wakati huo. Na anayepanga kuagiza lake kutoka Uingereza akumbuke kwamba kanuni ya kawaida hapa inazuia mtumba uliozidi miaka 8.

Jumamosi hii naenda Limuru kuona 504 wagoni. Rangi imekwisha na haijawaka miaka minne, lakini vioo na taa zote ni zake za kiwandani, na mama mwenye gari ameniambia hati ya mirathi iko kabatini. Sijauliza injini. Nimemwomba tu aruhusu niinue mazulia.