Rangi ya Plastiki Iliyorejelezwa Huanzia Kwenye Chenga

Malalamiko yanayofika mezani kwetu, sisi tunaopima rangi za plastiki, yanafanana. Mwenye duka ameagiza mabeseni ya kijani. Mzigo wa kwanza ulikuja na kijani cha jani la mgomba, wa pili umekuja na kijani cha maji ya bwawa. Anaamini ameuziwa bidhaa bandia. Mtengenezaji naye anaapa kwamba rangi ni ileile na kipimo ni kilekile. Mara nyingi tukipima tunakuta hakuna aliyedanganya.

Rangi ya punje, yaani punje ndogo za plastiki zenye rangi iliyokolea, huwekwa takriban kilo moja kwa kila kilo 50 za plastiki, yaani asilimia 2. Zilizobaki, asilimia 98, ni chenga, yaani vipande vilivyosagwa vya madumu, ndoo na viti vya zamani, na chenga hizo zina rangi yake tayari. Jana ulisaga madumu meupe, leo umesaga madumu ya njano ya mafuta ya kula, halafu unategemea kilo moja ya bluu ikupe bluu ileile. Haitakupa. Itakupa kijani.

Nimelieleza jambo hili kwenye kila mafunzo, na bado fundi akiona rangi imepauka anaongeza punje. Kuongeza punje bila mpaka kunapandisha gharama, kunaweza kudhoofisha bidhaa, na chanzo cha tatizo kinabaki palepale. Anza na chenga.

Tenganisha kwanza kwa aina, yaani ile namba iliyo kwenye alama ya pembetatu chini ya chombo, kisha kwa rangi. Kwenye maji, namba 2 na namba 5 huelea, chupa za maji za namba 1 huzama, na mabomba ya namba 3 huzama pia. Maji hayatakutenganishia namba 2 na namba 5. Hapo lazima usome alama chini ya chombo. Namba 2 huyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi, namba 5 kwenye 160 na ushee, namba 1 kwenye 250. Kwa hiyo kipande cha chupa kikipenya kwenye kazi ya madumu hakiyeyuki, kinabaki kama punje ngumu ndani ya bidhaa. Kipande cha bomba kinaungua, kinaacha madoa meusi na kutoa mvuke wenye tindikali unaokula kalibu na kudhuru mapafu ya anayeendesha mashine. Gundi ya lebo ambayo haikuoshwa inaungua pia, na ndiyo asili ya vidoa vingi vya kahawia tunavyoletewa.

Baada ya hapo, changanya. Usimalize gunia moja ndipo ufungue jingine. Mwaga magunia ya wiki nzima sakafuni, yageuze kwa koleo kama mafundi ujenzi wanavyogeuza zege, kisha ujaze upya. Kazi hii haihitaji mashine ya bei kubwa, na sijaona hatua nyingine inayopunguza malalamiko kwa kiasi hicho. Mabaki ya kalibuni nayo yarudishwe kwa kiwango kimoja kila siku, si kuyamwaga yote Ijumaa.

Pima rangi kwa mizani, si kwa kikombe. Umeme ukikatika au mkienda kula, plastiki iliyobaki ndani ya mashine inaendelea kuungua taratibu na kugeuka njano, hivyo vipande vya kwanza baada ya kuwasha tena viwekwe kando. Panga kazi kutoka rangi nyepesi kwenda nzito: nyeupe mwanzoni, nyeusi mwishoni.

Hiyo nyeusi ina neno lake. Wapo wanaodhani kila uchafu unatibiwa kwa masizi, ule unga wa rangi nyeusi. Masizi yanaficha rangi tu, hayaondoi kilichomo. Maganda meusi ya televisheni na kompyuta mara nyingi yana dawa za kuzuia moto zenye bromini. Kreti za zamani za njano na nyekundu zinaweza kuwa na rangi za kadimiamu au risasi, ambazo ni metali zenye sumu. Mapipa ya bluu huenda yalibeba kemikali. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachofaa kuwa sahani, kikombe au mwanasesere, na hapa siwezi kulegeza neno, kwa sababu mtoto anatia mdomoni chochote anachopewa.

Swali jingine linalojirudia: je, mtu mwenye chenga safi anaweza kutengeneza mifuko ya kubebea bidhaa? Hapana. Kanuni za Tanzania zilizoanza kutumika Juni 1, 2019 zinakataza mifuko hiyo bila kujali unene wake, na haziangalii kama malighafi ni mpya au imerejelezwa. Anayetengeneza au kuingiza nchini anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 20 na isiyozidi bilioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Anayeuza, faini ni kuanzia shilingi 100,000 hadi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Anayekutwa anao na kuutumia, shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Maelezo haya hayachukui nafasi ya kanuni zenyewe. Zisome kabla ya kununua kalibu.

Kwa mwenye ugomvi wa rangi, tunaomba vibao bapa vitatu vya plastiki anayotengeneza: cha asubuhi, cha mchana na cha jioni. Unene uwe mmoja, kwa kuwa kibao chembamba huonekana chepesi hata kama rangi ni ileile. Kila kibao kiandikwe tarehe, chanzo cha magunia, uzito wa rangi na joto la mashine. Kibao mlichokubaliana na mteja kihifadhiwe kabatini, mbali na jua, na ulinganishaji ufanyike mara mbili, kivulini mchana na chini ya taa za dukani, maana rangi mbili zinaweza kulingana kwenye mwanga mmoja na kuachana kwenye mwingine. Kifaa chetu hutoa tofauti ya rangi kati ya vibao viwili kwa namba. Tofauti ya 1 jicho la kawaida huitambua kwa shida. Mpaka unaovumilika muuandike kwenye mkataba wenu kabla ya mzigo wa kwanza kutoka. Sisi tunapima, hatuwezi kuwaandikia baada ya kugombana. Kibao kisicho na maandishi hakipokelewi.