Njuga za Sleji: Kifaa cha Usalama Kilichoishia Kwenye Okestra

Sleji ni chombo kisicho na magurudumu, kinachovutwa na farasi na kuteleza juu ya theluji. Hatari yake kubwa ni ukimya, kwa kuwa theluji humeza mshindo wa kwato, na farasi akishashika mbio si rahisi kumsimamisha ghafla penye njia panda. Ndiyo maana wasafiri wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini waliwavisha farasi mikanda ya njuga, ili waendao kwa miguu wasikie mapema na kupisha. Huko Massachusetts, Marekani, sheria iliagiza hatamu za farasi wa sleji ziwe na kengele zisizopungua tatu.

Kwa umbo, njuga hizo ni ndugu wa zile wanazofunga miguuni wachezaji wetu wa ngoma: tufe la madini lenye mpasuo, na ndani yake punje ya chuma iliyo huru. Wengi hushangaa punje iliingiaje ilhali ni nene kuliko mpasuo wenyewe. Awali mafundi waliunganisha nusu mbili kwa lehemu, punje ikiwa tayari ndani. Baadaye waliizika punje katika donge la mchanga, wakaliweka donge hilo ndani ya kalibu, kisha wakamimina aloi ya shaba iliyoyeyushwa kulizunguka; ilipopoa, mchanga ulipukutishwa kupitia mpasuo, punje ikabaki humo humo.

Katika karne ya 18, kiwanda cha Robert Wells kijijini Aldbourne, Uingereza, kilitia herufi RW kwenye njuga zake, alama ambayo wakusanyaji huitafuta hadi leo. Mwaka 1808 William Barton alianza kazi hiyo East Hampton, Connecticut, na viwanda vilivyomfuata viliupa mji huo sifa ya kuwa mji wa kengele.

Magari ya injini yaliziondoa njuga barabarani, lakini muziki ulikuwa umekwisha kuzipokea. Mtunzi Mozart alizitumia katika dansi ya mwaka 1791, na Simfonia ya Nne (utungo mrefu wa okestra) ya mtunzi Mahler, iliyopigwa mara ya kwanza Munich, Ujerumani, mwaka 1901, huanza kwa filimbi na njuga. (“Jingle Bells”, wimbo maarufu wa James Pierpont wa mwaka 1857 kuhusu njuga hizi, tuusikiao kila Desemba, hauitaji Krismasi hata mara moja.) Katika okestra, njuga hupachikwa kwenye mpini; anayetaka mapigo yaliyo bayana hazitikisi ovyo, bali huushika mpini wima na kuigonga ngumi iliyoushika kwa ngumi ya mkono wa pili.