Albamu ya kwanza ya Queen: gitaa limejaa nyumba nzima, drams zimekosa hewa

Kwenye jalada la albamu ya kwanza ya bendi ya rock ya Uingereza, Queen, ile ya Julai 1973, wameandika kabisa kwamba hakuna mtu aliyepiga sinthesaiza. Siku nasoma ule mstari nilikuwa nishakaa studio miaka kadhaa na nikarudi kusikiliza upya kwa hedifoni, maana mi nilikuwa naamini kuna kinanda cha umeme mle ndani. Hakipo. Ni gitaa la Brian May, mpiga gitaa wao, limerekodiwa juu ya lenyewe mara kibao, tena gitaa alilotengeneza na baba yake nyumbani, shingo imechongwa kwenye mbao ya meko ya zamani, springi zimetoka kwenye injini ya pikipiki, na anapigia sarafu ya peni sita badala ya kile kiplastiki cha kawaida. Ile sarafu ina meno pembeni, ndo maana kila noti inaanza na kamkwaruzo fulani hivi, kama mtu anatamka herufi.

Huku kwetu ukitaja Queen watu wanaenda moja kwa moja kwa Freddie Mercury, mwimbaji wao, na wana haki, mtoto wa Mji Mkongwe, kazaliwa 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, familia ikahamia Uingereza 1964. Ila leo naomba niongelee chumba, maana hii albamu huielewi mpaka ujue ilirekodiwa wapi na saa ngapi.

Ilirekodiwa Trident, studio iliyokuwa kichochoroni Soho, London, na haikuwa studio ya watu wa chini, kina David Bowie na Elton John walikuwa wanarekodi pale. Queen hawakuwa na hela hiyo. Wenye studio wakawachukua wawe wasanii wao, lakini wakawa wanaingia pale tu ambapo mteja anayelipa hayupo, yaani mwenzako akimaliza usiku wa manane ndo na wewe unaanza kufunga nyaya. Wameenda hivyo vipande vipande 1972. Aliyewahi kurekodi kwa staili hii anaijua shida yake, unakuta maiki zimepangwa kwa ajili ya mtu mwingine, kesho ukirudi kila kitu kwenye mikseri kimeshaguswa, na gitaa la leo linakataa kufanana na la jana.

Kwenye magitaa na sauti za kuimba wameshinda. Sikiliza wimbo wa My Fairy King, Freddie yuko kwenye piano, sauti zimepandana kama kwaya, na zile kelele za juu kabisa ni za Roger Taylor, mpiga drams. Tepu ilikuwa na treki 16 tu, yaani njia 16 za kuwekea sauti, kwa hiyo unarekodi kadhaa, unazikusanya kwenye treki moja au mbili, zile zingine unafuta ili upate nafasi ya kuendelea, na ukishakusanya ndo basi, hakuna kurudi nyuma. Yale maamuzi yamefanywa na vijana wana usingizi, na bado yamekaa sawa.

Sasa drams. Trident walikuwa na kibanda cha drams na sauti yao kavu ndo ilikuwa fasheni, unaziba chumba kisitoe mwangwi wowote halafu mwangwi unauongeza baadaye kwenye miksi. Mimi nimejifunzia kazi kwenye studio yenye kibanda hivyo hivyo, ukuta mzima magodoro na trei za mayai, na bosi kila ukilalamika anasema tutarekebisha kwenye miksi. Hairekebishiki! Maiki inachukua pigo pamoja na chumba, kama chumba hakijatoa kitu, ukija kuongeza mwangwi unarefusha tu sauti ya boksi. Kwa bendi inayojaza magitaa kama kanisa zima linaimba inaumiza, drams zinabaki mbele peke yake, zinagonga tu.

Na ushahidi uko humo humo. 1971 studio ya De Lane Lea ilikuwa inafungua jengo jipya Wembley, wakahitaji bendi yenye makelele wapime kama kuta zinazuia sauti. Queen wakaenda, malipo yao yakawa kurekodi demo, rekodi ya majaribio, ya nyimbo tano. Moja, The Night Comes Down, ikaingizwa kwenye albamu moja kwa moja kutoka kwenye ile demo, kwa hiyo drams zake hazikupita kwenye kibanda cha Trident.

2024 bendi ikaitoa albamu upya kwa jina la Queen I, wamemiksi kila kitu kutoka kwenye tepu za zamani, na drams ndo zimebadilika kuliko chochote. Mi nimefurahi kwa ajili ya Roger, ila magitaa bado nayapenda kwenye ile ya zamani. Ukipata nafasi chukua ya 1973, weka The Night Comes Down kwanza halafu Liar, ya Trident, na usisikilize kitu kingine zaidi ya sneya, ile drams ndogo yenye mlio mkali. Mpigaji ni yule yule.