Alizeti iliyokaushwa kwa dawa: mafuta yetu yako salama?

Dokta, nasikia kuna wakulima wanaopulizia alizeti dawa ya magugu ili ikauke upesi. Kweli?

Kweli, hasa kwenye mashamba makubwa ya nchi za baridi kama Kanada. Kanola (zao jingine la mbegu za mafuta) au alizeti ikichelewa kukauka, hupuliziwa dawa za magugu, daikwati au glifoseti, siku kadhaa kabla ya mashine kuingia kuvuna. Singida na Dodoma wakulima wengi hukata vichwa kwa mkono na kuvianika. Jua letu halina bili.

Sasa hayo mafuta ninayopimiwa Kariakoo yana sumu?

Glifoseti huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta. Mbegu zikikamuliwa, mabaki mengi huishia kwenye mashudu. Kwa hiyo mfugaji wa ng'ombe wa Kibamba ana sababu ya kuuliza swali hili kuliko mama anayekaanga mihogo. Viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu hadi miligramu 7 za glifoseti kwa kilo ya mbegu za alizeti.

Mimi kwenye mashudu nahofia zaidi ukungu. Mbegu zikifungwa magunia kabla hazijakauka vizuri huota fangasi wanaotoa sumukuvu, na ng'ombe akila, sehemu ya sumu hiyo hupita kwenye maziwa.

Lakini si walisema glifoseti inaleta saratani?

Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka glifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Wao hupima kama kitu kinaweza kudhuru, si kiasi kinachofika kwenye sahani yako. Umoja wa Ulaya uliiongezea kibali mwaka 2023, ila ukakataza kuitumia kukaushia mazao. Daikwati walikuwa wameshaiondoa.

Nani hasa yuko hatarini?

Anayepuliza. Daikwati ikimezwa huharibu figo, na haina dawa ya kuikata makali. Usiihamishie kwenye chupa ya soda hata kwa dakika moja. Watoto hawasomi lebo. Ikimrukia mtu machoni, msafishe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Akiimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali na kopo lenyewe mkononi.

Dumu la dawa nikilisugua kwa sabuni, naweza kuwekea mafuta ya kula?

Hapana, hata ukilisugua kwa mchanga. Lisuuze mara tatu, maji yake uyarudishe kwenye bomba la kupulizia, kisha litoboe ili jirani naye asilitumie.