Renton Haikufa Mwaka 1890

Juzi nimetumiwa tena ile picha ya kikosi cha Renton yenye maneno yanayoanza na "Je, wajua?". Kwa mara nyingine inaeleza kwamba bingwa wa kwanza wa dunia alikuwa timu ya kijiji cha Uskoti, kwamba timu hiyo ilifukuzwa kwenye ligi kwa kosa la kuwalipa wachezaji, na kwamba adhabu hiyo ndiyo iliyoiua. Hapo pana makosa mawili na nusu. Miaka yote nimekuwa nikijibu kwa upole, lakini upole una kiasi chake, na mimi naandika historia ya soka la zamani, si hadithi za vijiweni.

Nianze na hilo nusu kosa, tulimalize. Mwezi Mei 1888 Renton, mabingwa wa Kombe la Uskoti, waliwafunga West Bromwich Albion, mabingwa wa Kombe la FA la England, mabao 4–1 pale uwanja wa Hampden, Glasgow, kisha wakatundika bango la "Mabingwa wa Dunia" kwenye uwanja wao wa Tontine Park. Hakuna chombo kilichowapa cheo hicho, maana FIFA yenyewe ilizaliwa mwaka 1904. Ila tusiwacheke sana, kwa sababu wakati huo soka la ushindani lilikuwa karibu lote ndani ya visiwa vile, na aliyewafunga mabingwa wa upande wa pili alikuwa na haki ya kutamba. Tatizo ni kwamba wengine nao walitamba. Sunderland, mabingwa wa ligi ya England, walipowafunga Hearts, mabingwa wa ligi ya Uskoti, 5–3 mwaka 1895 wakiwa na kikosi kilichojaa Waskoti, waliitwa hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye kosa linaloninyima usingizi. Renton haikufungiwa mwaka 1890 kwa kosa la kuwalipa wachezaji wake, bali ilifungiwa kwa kucheza mechi. Ligi ya Uskoti ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, ikiwa na klabu 11, na Renton ilikuwa mmoja wa waasisi. Huko Edinburgh, klabu ya St Bernard's ilikuwa imefungiwa na Chama cha Soka cha Uskoti kwa kuwalipa wachezaji kwa siri, jambo ambalo England ililihalalisha tangu mwaka 1885 lakini Uskoti ilikuwa bado inalikataza. St Bernard's ikajivika jina la "Edinburgh Saints", Renton ikacheza nayo, na Chama, ambacho hakikuhitaji darubini kuwatambua watu walio ndani ya jezi hizo, kikazifungia klabu zote mbili. Renton ilikuwa imecheza mechi 5 za ligi, na zote zikafutwa.

Msomaji ataniuliza kuna tofauti gani, ikiwa mzizi wa jambo ni malipo yale yale. Tofauti ni kubwa. Anayesema Renton ilifukuzwa kwa kulipa wachezaji anaigeuza klabu hiyo kuwa tajiri mdanganyifu aliyenaswa, wakati ukweli wa miaka ile unaelekea upande wa pili kabisa: Renton ilikuwa ikiporwa wachezaji na wenye fedha, si mporaji. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Je, Renton yenyewe haikumpa mchezaji hata senti moja chini ya meza? Sithubutu kuapa. Sisi tunaochunguza kipindi hiki tunasoma vitabu vya hesabu vilivyoandikwa kwa makusudi ili visiseme ukweli, na mwandishi anayekutajia kwa uhakika nani alikuwa mchezaji wa ridhaa halisi katika Uskoti ya mwaka 1890 anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Hoja yangu ni nyembamba zaidi ya hapo: hilo silo shtaka lililowafungia.

Wala adhabu haikuwaua. Klabu ilikwenda mahakamani, ikashinda, na ikarejea kwenye ligi msimu wa 1891–92. Mwaka 1895, ikiwa tayari imeshuka hadi Daraja la Pili, ilifika fainali ya Kombe la Uskoti. Ilifungwa 2–1 na nani? Na St Bernard's. Klabu mbili zilizofungiwa pamoja zilikutana miaka mitano baadaye kwenye fainali ya kombe la Chama kile kile kilichozifungia, na sijawahi kuona "Je, wajua?" hata moja inayolitaja jambo hilo, ingawa ndilo tamu kuliko yote.

Kilichoimaliza Renton kilianza mwaka ule ule wa bango. Februari 1888 waliwafunga Cambuslang 6–1 kwenye fainali ya kombe, wakiwa na James Kelly katikati na Neil McCallum mbele. Mwishoni mwa Mei, Celtic, klabu changa ya Glasgow iliyoasisiwa Novemba 1887, ilicheza mechi yake ya kwanza kabisa na kuwafunga Rangers 5–2. Kelly alikuwamo, na bao la kwanza katika historia ya Celtic lilifungwa na McCallum. Kelly, ambaye kwenye karatasi alikuwa mchezaji wa ridhaa asiyelipwa hata nauli ya kujivunia, muda si mrefu akawa mwenye baa. Wa kuamini kwamba ilikuwa bahati tu, si malipo ya siri, na aamini. Baadaye alikuwa mwenyekiti wa Celtic. Beki Andrew Hannah naye alikwenda Everton, akawa nahodha wa kikosi kilichotwaa ubingwa wa England mwaka 1891, kisha akawa nahodha wa Liverpool pia.

Renton kilikuwa kijiji cha viwanda vya kutia rangi vitambaa kando ya mto Leven, kati ya Alexandria na Dumbarton. Katika bonde hilo fupi, ambalo mtu hulitembea kwa miguu kabla ya chakula cha mchana, kulikuwa na klabu tatu zilizogombania viingilio vya watu wale wale: Renton, Vale of Leven iliyotwaa Kombe la Uskoti mara tatu mfululizo kuanzia 1877, na Dumbarton, bingwa wa ligi mbili za mwanzo (ya kwanza kwa kugawana na Rangers). Soka la kulipwa liliporuhusiwa Uskoti mwaka 1893, mapato ya mlangoni yakawa ndiyo pumzi ya klabu, na kijiji hakina umati wa Glasgow. Msimu wa 1897–98 Renton ilijitoa baada ya mechi chache, na Hamilton Academical ikachukua nafasi yake pamoja na matokeo yake. Klabu iliendelea nje ya ligi hadi ilipovunjwa mwaka 1922, yaani miaka 32 baada ya "kuuawa".

Nakiri kwamba maelezo haya ya umati na fedha, ambayo vitabu huyatoa kama hesabu ya kujumlisha, hayaniridhishi yote. Dumbarton ilikuwa bonde lile lile, nayo iliikosa ligi kuanzia 1897, lakini ilirudi mwaka 1906 na ingali hai. Ukubwa wa mji unaeleza sehemu. Sehemu nyingine naishuku kuwa ni watu wachache tu waliokubali au waliokataa kuendelea kukaa kwenye vikao visivyo na fedha, na jambo kama hilo haliingii kwenye jedwali.

Tukiwa kwenye jedwali, zile mechi 5 zilizofutwa zina jambo moja la kukumbukwa. Rekodi rasmi zinasema Celtic ilianza maisha yake ya ligi kwa kuwafunga Hearts 5–0 tarehe 23 Agosti 1890. Wiki moja kabla, tarehe 16 Agosti, Celtic ilikuwa imecheza mechi nyingine ya ligi ikafungwa 4–1, na waliowafunga ni Renton.